Binti Mfalme Si Mjinga: Kwa Nyie Mnaoanza Kumwandika

Wadogo zangu wa chumba cha skripti, rasimu zenu nimezisoma zote. Zina uhai, zina vichekesho, na mbili zimenifanya nicheke peke yangu usiku. Lakini nikikutana tena na binti mfalme anayechomoza kisimani, anaona gari, anapaza sauti "Ewe farasi wa chuma!", naomba nihamishiwe kitengo cha vifaa nikakunje nyaya za maikrofoni.

Wazo lenyewe nalipenda, msinielewe vibaya. Binti wa ngano, moyo mweupe, anadondokea katikati ya mji wa leo wenye lifti na nywila na watu wasiosalimiana. Kila kundi jipya la waandishi huja nalo likidhani limeliokota lenyewe. Charles Perrault, mtunzi wa Kifaransa, alichapisha ngano zake mwaka 1697, na katika ile ya mrembo aliyelala miaka 100, mwana mfalme anamkuta binti amevaa kama bibi yake, kola imesimama shingoni, na anaona ni busara kutomwambia. Wanakwenda kula, fidla na zumari zinapiga nyimbo ambazo hazijasikika kwa karibu miaka 100. Basi, utani wote wa aliyepitwa na wakati umeisha kwa mistari michache. Tazameni nani kabebeshwa kazi pale: kijana ndiye anayemeza maneno. Binti anaamka na jambo la kwanza analomwambia ni kwamba amemsubirisha sana.

Sasa tuanze. Nimeweka namba ili mkibishana mjue mnabishana kuhusu lipi.

1. Soma ngano yenyewe kabla hujamleta mtu wake mjini.

Wengi wenu mnamjua binti mfalme wa katuni: anaimba, ndege wanamtua mkononi, anabusiwa, kwisha. Rudini kwenye ngano. Katika mkusanyiko wa ndugu wawili Grimm, uliotoka mara ya kwanza mwaka 1812, binti hambusu chura. Anamkamata kwa hasira na kumbamiza ukutani, na hapo ndipo chura anageuka mwana mfalme. Yule wa tufaha lenye sumu naye, katika matoleo yao ya baadaye, haamshwi kwa busu: wabeba jeneza wanajikwaa, kipande kinamtoka kooni. Na wale vibeti saba, watu wafupi aliokimbilia kwao, hawakumpokea bure. Walimpa masharti: upike, utandike, ufue, ushone, ufume, ndipo ukae. Akakubali. Yule ameshaingia mkataba wa kazi za ndani kabla hujazaliwa wewe, halafu kwenye skripti yako hajui ufagio unashikwa upande gani.

Kuna na dada wa wale ndugu sita waliogeuzwa mabata maji. Kuwarudisha ilimpasa kukaa miaka 6 bila kusema wala kucheka, huku akiwashonea mashati ya maua. Akasingiziwa, akapandishwa kwenye kuni achomwe moto, mdomo haukufunguka. Shati la mwisho lilikuwa limebaki mkono mmoja tu. Mtu wa aina hiyo mnaniandikia analia kwa sababu mashine imemmezea kadi?

2. Uchawi haumshangazi.

Hapa ndipo karibu rasimu zote zinapoanguka. Mlango unajifungua wenyewe, binti anazimia. Kwa nini azimie? Kwao milango hufanya hivyo. Sauti inatoka kwenye kisanduku na kumwonyesha njia: kwao ilikuwa inatoka kwa mbweha. Amekulia mahali ambapo kioo kinaongea, na tena kinasema kweli hata pale kweli inapoweza kuua mtu. Mpe simu yenye kamera ya kujipigia picha. Ajabu kwake haitakuwa kwamba kioo kina mwanga. Atashtuka kugundua kwamba kioo hiki kinadanganya: kinamlainisha ngozi bila kuombwa, kinamkuzia macho, na kila mtu anajua, na hakuna aliyekasirika. Hiyo ni sini nzima, na hamkumdhalilisha.

Au ile ya vigezo na masharti. Sisi tunabonyeza "nakubali" huku tunatafuna. Yeye anatoka katika ulimwengu ambapo msichana mmoja alimwahidi kijitu mtoto wake wa kwanza kwa sababu ya nyuzi za dhahabu, na mwingine, nguva wa mtunzi Hans Christian Andersen mwaka 1837, alitoa sauti yake apate miguu. Atasoma kila mstari. Atauliza huyu anayetaka kujua mahali nilipo saa zote ni nani, na atanidai nini siku ya mwisho. Marafiki zake wanamsubiri wapande gari, yeye yuko ukurasa wa arobaini. Nani mshamba hapo?

3. Usimcheke.

Hili niwaeleze kwa kirefu, maana nililipia.

Nilipoanza kuandika mchezo wa redio wa mfululizo, nilikuwa na binti mfalme wangu. Nilimpenda sana, au nilidhani nampenda. Nilimwandikia mikasa mizito: aliona mashine ya kufyonza vumbi akaitangazia vita, akakitumia kikaushio cha nywele kama silaha, akaingia kwenye lifti na kuiamkia. Siku ya usomaji wa mezani watu walicheka mpaka dairekta akaomba tupumzike. Kicheko kile kilinilevya. Nilirudi nyumbani nikaongeza mingine.

Mwigizaji aliyepewa uhusika huo alikuwa mkimya. Baada ya usomaji alinifuata na skripti yake, kingo zimejaa alama za penseli, akaniuliza: "Kaka, huyu binti kwao alikuwa anajua kufanya nini?" Nikamjibu, "Ni binti mfalme. Alikuwa anasubiri." Waliokuwa karibu wakacheka tena. Yeye hakucheka. Akasema haya, akaenda kurekodi, na akaigiza vizuri kuliko nilivyostahili.

Sehemu za mwanzo zilipokelewa kwa shangwe. Kisha ukaja ujumbe wa sauti kutoka kwa msikilizaji. Alianza kwa kutusalimia wote kwa utaratibu, akatushukuru kwa kazi. Kisha akasema yeye alitoka kijijini akiwa msichana kwenda kufanya kazi kwenye nyumba za watu mjini. Siku ya kwanza alikuwa hajawahi kuona mashine ya kufyonza vumbi. Ilipowashwa aliruka, na familia nzima ikacheka, na wakawa wanaiwasha kila wageni wakija ili na wageni waone. Akasema: mchezo wenu nausikiliza jikoni, nao wanausikiliza sebuleni, na sasa wananiita kwa jina la binti mfalme wenu. Hakutukana. Aliaga vizuri kama alivyoanza.

Ningeishia hapo lingekuwa kosa moja. Mimi nikamjibu. Nikamwandikia kwamba ni utani tu, kwamba mhusika ni wa kubuni, kwamba atoke kijijini asitoke sisi hatukumlenga yeye. Kila neno lilikuwa kweli na barua nzima ilikuwa upuuzi. Hakujibu tena, na sikutegemea ajibu.

Halafu nikaogopa, nikaenda kulirekebisha kosa kwa kufanya lingine. Katika sehemu moja tu nikamfanya binti awe mjuzi wa kila kitu. Asubuhi hajui swichi, jioni anarekebisha kompyuta, anamshinda wakili kwa hoja na kumwangusha kibaka kwa teke. Mwigizaji alisoma kurasa zile akazirudisha mezani taratibu. Wasikilizaji waliokuwa wanamcheka wakaondoka kwa sababu hachekeshi, na waliokuwa wanamwonea huruma wakaondoka kwa sababu hawamjui tena. Mchezo ulikatwa kabla ya mwisho niliokuwa nimeupanga. Studio haikuwa na kosa, kosa lilikuwa kwenye skripti, tena tangu ukurasa ule wa kwanza ambao kila mtu alikuwa ameucheka.

Swali la yule mwigizaji nimelibandika juu ya meza yangu. Nikipokea rasimu ya mmoja wenu nalitafutia jibu kwanza, kabla ya kuangalia ploti. Alikuwa anajua nini kwao? Kama jibu halimo katika kurasa kumi za mwanzo, nairudisha, na mtaendelea kusema kwamba nina roho mbaya.

4. Mpe sheria zake.

Hiki ndicho kinachotofautisha mhusika na kikaragosi. Binti wa ngano haji kwetu mtupu, anakuja na katiba nzima kichwani. Ahadi inafunga: katika hadithi ya chura, mfalme mwenyewe ndiye anayemlazimisha binti yake, ulichoahidi utakitimiza, hata kama ulimwahidi mnyama wa majimaji. Ombaomba hapitwi, kwa sababu huenda ndiye mwenye ufunguo. Jambo likishindikana mara mbili linajaribiwa ya tatu. Chumba ulichokatazwa kina sababu. Andikeni sheria zake kwenye karatasi kabla ya sini ya kwanza, kisha mwachieni azifuate katika mji ambao hakuna anayezifuata.

Mwenzenu mmoja, simtaji asije akavimba kichwa, alifanya hivyo vizuri kuliko mimi. Binti wake ameajiriwa ofisini. Bosi anampa mkono na kumwambia, "Mwaka ukianza tutaangalia mshahara wako." Sisi tunajua maana ya sentensi hiyo. Yeye hajui, au tuseme anajua maana yake halisi. Basi tarehe 1 Januari alfajiri yuko mlangoni, ofisi imefungwa, mji mzima umelala, yeye kasimama na daftari. Kuna mlinzi. Mlinzi hamcheki. Anamsikiliza mpaka mwisho, kisha anamwambia na yeye aliahidiwa hivyo hivyo, akamtolea kiti. Wanakaa wawili wakimsubiri bosi ambaye haji.

Sini hiyo sikuigusa hata koma. Nilimwambia tu aifupishe sini inayofuata, na bado tunabishana.

5. Haya madogo msome harakaharaka.

Lugha ya kale itieni kwenye salamu na viapo tu. Akisema "ewe" kila mstari msikilizaji atabadili stesheni.

Gauni kunaswa mlangoni ni mara moja kwa mfululizo mzima, tena likinaswa lizae jambo.

Rafiki yake wa mjini awe na shida zake, asiwe kamusi ya kumfafanulia vitu.

Pesa: akishaingia mjini, mtu fulani lazima alipie chakula chake, na mjue ni nani.

Wanyama wakimsikiliza, wasimsikilize wote. Paka hasa asimsikilize.

Msimpe maelezo ya jinsi alivyovuka kutoka kwao kuja kwetu; kisima kinatosha, na anayehitaji fizikia ya kisima hicho si msikilizaji wetu.

6. Kubadilika kwake.

Mnapenda ile sini ya duka la nguo: anaingia na gauni, anatoka na jinzi, muziki juu, amekuwa wa kisasa. Kafuteni. Kuzoea hakuendi hivyo, muulizeni yeyote aliyehama. Anajifunza jambo moja na kulikataa jingine, analiacha la tatu bila kujua kwamba ameliacha, na siku moja anashtuka kwamba amepita mbele ya ombaomba bila kusimama. Ikifika sini hiyo msiweke muziki. Na msimrudishe binti mbio kumtafuta ombaomba kabla ya sehemu kwisha. Mwacheni alale nalo, sehemu ijayo ipo.

Kuna pia linaloenda upande wa pili. Mtu aliyeishi naye karibu lazima naye aondoke na kitu. Tuseme mtu huyo ni dalali: akianza kutimiza ahadi zake, japo moja, tena kwa kulalamika, mmefanya kazi yenu.

7. Harusi.

Rasimu nne kati ya zenu zinaishia harusini, na mbili kati ya hizo zina maelezo pembeni: "kurasa hazitoshi, naomba sehemu zipunguzwe." Hazipunguzwi. Perrault aliwafungisha ndoa wale wawili usiku ule ule binti alioamka, na hadithi bado ilikuwa na nusu nzima mbele: watoto wawili waliofichwa, mkwe ambaye ni zimwi, anayeagiza apikiwe wajukuu kwa sosi, kisha na mke wa mwanawe, na mpishi anayehangaika kumpikia mwanakondoo, mbuzi na paa ili amdanganye. Kwa hiyo mkishafika harusini na sehemu tatu zimebaki, msinipigie simu usiku. Mna mama mkwe. Mtumieni.