Gesi ya kiyoyozi si ya jikoni

SWALI: Kiyoyozi changu cha sebuleni kina miaka sita. Tangu mwaka jana fundi amekijaza gesi mara tatu. Kinapoa wiki kadhaa, kisha kinarudia kupuliza hewa vuguvugu. Juzi feni ya nje ilizunguka lakini ubaridi hakuna. Fundi anasema kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, imekufa, ninunue kipya. Ninunue? — Msomaji, South C

JIBU: Usitoe pesa bado, dada.

Nairobi si Mombasa. Watu huvumilia joto mpaka Februari, ndipo simu yangu inapoanza kulia, na karibu kila anayepiga huanza na neno lilelile: "gesi imeisha". Inaishaje? Hii si gesi ya mtungi wa jikoni, ambayo unapika mpaka jiko linazima. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa, inageuka kimiminika, inarudi kuwa mvuke, na kipimo kilichotiwa siku ya kwanza kinatakiwa kuwa kilekile mpaka mtambo utupwe. Ikipungua, imevuja. Kujaza mara tatu bila kutafuta tundu ni kuteka maji kwa pakacha, na bili unalipa wewe.

Mara nyingi inavujia kwenye nati zinazounganisha mabomba ya shaba. Tazama zile za nje: doa la mafuta lililoshika vumbi linatosha kumfanya fundi apake povu la sabuni na kungoja. Likitoa viputo, hapo ndipo.

Kuhusu kompresa: ikiwa inanguruma sekunde chache kisha inanyamaza huku feni ikizunguka, na kiyoyozi si cha inverta (kile ambacho kompresa yake hubadilisha kasi), kapasita inayoisaidia kompresa kuwaka ipimwe kwanza. Ni kikopo kidogo chenye kipimo chake, maikrofaradi, kilichoandikwa ubavuni, na bei yake huwezi kuilinganisha na ya kiyoyozi kipya. Usikiguse mwenyewe, hubaki na umeme hata swichi ikiwa imezimwa. Tena, kompresa hupozwa na gesi inayorudi. Gesi ikiwa chache kompresa hupata joto, kinga yake inaikata, na ikipoa inawaka tena. Huenda yako ilipumzika tu. Huenda pia miezi ya kukosa gesi imeiua kweli, ila hilo husemwa baada ya kupima nyaya zake za ndani kwa mita, si kwa kuigonga na bisibisi.

Halafu wapo wanaokufungia kipya juu ya mabomba yaleyale ya zamani, na nati zilezile. Wengine huongeza gesi ya R22 kwenye mtambo wa R410A, ambayo ni gesi ya aina nyingine, kwa sababu R22 ndiyo iliyobaki kwenye mtungi. Wanaonitisha zaidi ni wanaotafuta tundu kwa kusukuma oksijeni ndani. Oksijeni yenye shinikizo ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka. Kazi hiyo ni ya naitrojeni kavu, basi. Akishuka kwenye bodaboda na mtungi wa oksijeni wa kuchomelea, mlipe nauli arudi nao.