Kaye (daftari) ya mkojo: usiache safu ya "nilikuwa nafanya nini"

Dada unayevuja mkojo, uliyeuliza kama ile karatasi ya kuandika kila unapokojoa ina faida, au uache tu kunywa maji: ina faida, na maji usiache. Mkojo ukiwa mzito unachokoza kibofu, haja inazidi.

Mimi nauza sambaza (samaki wadogo) hapa Bukavu, soko la Kadutu. Muganga wa hospitali aliniomba niandike siku tatu, nikafunga kaye na biki (kalamu) ndani ya kitenge. Saa, nimekunywa nini, nguo imelowa ao hapana, nimekojoa kiasi gani. Kupima ni gobeleti ya plastiki yenye alama za mililita (uifiche, watoto wasije wakainywea chai). Sokoni choo ni cha kulipa na watu wamepanga mstari, kwa hiyo huko niliandika saa tu.

Lakini safu iliyonifumbua macho ni ya mwisho: nilikuwa nafanya nini mkojo ulipotoka. Asubuhi, nikipanda mlima na beseni kichwani, ao nikipiga chafya, matone yanatoka bila haja yoyote. Hiyo ni misuli ya chini iliyolegea, mara nyingi kwa sababu ya uzazi. Jioni ni habari nyingine: niko mlangoni natafuta ufunguo, haja inanikamata, sifiki. Na karibu kila mara juu yake nimeandika chai ya majani, vikombe vinafuatana.

Matunzo yake hayafanani. Kwa matone, unakaza misuli kama anayezuia mkojo, sekunde chache, unalegeza, mara nane hivi, asubuhi, mchana na jioni, angalau miezi tatu. Usifanye hivyo ukiwa unakojoa. Kwa haja ya ghafula, punguza chai, kisha chelewesha choo dakika chache, uongeze polepole. Kibofu cha mtu mzima kinabeba kama mililita 300 mpaka 500; changu kilikuwa kinaniita kwa mia na kitu. Ile tabia ya kukojoa "kwa usalama" kila ukitoka nyumbani inakizoeza vibaya.

Ukijumlisha mkojo ukapata zaidi ya lita tatu kwa siku, pimisha sukari. Ukiona damu, ao kukojoa kunachoma, usingoje kumaliza karatasi. Na kama unavuja mchana na usiku bila kukatika tangu ulipozaa, hiyo inaweza kuwa fistula, tundu kati ya kibofu na uke: panda gari uende hospitali ya Panzi, hapa Bukavu, wanaishona.