Uduvi sio chambo tu

Hapana kaka, umesema uduvi ni wa chambo tu na pesa iko kwa kamba wakubwa wa Rufiji, hapo sikubaliani na wewe kabisa. Uduvi ndo hao hao kamba wadogo wadogo wanaoitwa Acetes kitaalamu, na aina moja tu, Acetes japonicus, inavuliwa laki kadhaa za tani kwa mwaka huko Asia, China ndo usiseme. Indonesia wanautwanga na chumvi unachacha unakuwa terasi, yaani kiungo cha kupikia, jikoni haukosekani. Halafu kadudu kenyewe hakafikishi hata mwaka, kanazaliana haraka mno.

Kinachoniuma ni hizi chandarua za mbu, unakokota ufukweni unazoa uduvi pamoja na watoto wa kamba na samaki waliokuja kukulia kwenye mikoko, sasa mwakani utavua nini?

Na kingine ni kuanika, ukiumwaga chini mchangani mteja anasikia mchanga kwenye meno harudi tena, lakini uweke juu ya chanja jua kali unatoka mwekundu mwekundu, vijicho vyeusi kama nukta za kalamu, harufu yake tu unatamani wali wa nazi.