Kabla hujamtuma kuhani: kwa mnaoanza Crusader Kings III

Wadogo zangu, nianze na kosa langu. Gemu hili la kompyuta, ambalo unamwongoza mtawala wa zamani na akifa unamchezea mrithi wake, nililinunua kwa pesa ya korosho, nikalicheza hapa Mtwara kwenye laptopu ya kuazima. Nikamchagua Haesteinn, mwaka 867: Mviking aliyejikita Montaigu, Ufaransa, anaabudu miungu ya kwao Skandinavia huku raia wake Wakatoliki. Nikajiona mjanja. Nikamwagiza kuhani wa baraza aibadili dini kaunti yangu.

Kuhani anabadili kaunti moja kwa wakati mmoja, na kasi yake inafuata elimu yake. Wangu alikuwa hana elimu ya maana. Isitoshe, kila dini ina moto wake wa imani, yaani kipimo cha ari ya waumini wake. Ukiwa mkali kwa hao unaotaka kuwabadili, kazi inakwenda kwa kusuasua. Miaka ikapita, raia wamenichukia, waasi wakainuka, na majirani Wakatoliki tayari wana sababu ya kunipiga vita vya dini.

Hesabu ambayo sikuifanya ni hii: ni nani ana gharama ndogo kubadilika, wewe au wao? Kama umekaa juu ya watu wa dini nyingine na umezungukwa nao, badilika wewe. Unalipa pointi za uchaji, yaani sarafu ya dini ndani ya gemu, mara moja, raia wanatulia, na milango ya kuoa kwa majirani inafunguka. Utakosa masuria, maana Ukatoliki ni mke mmoja. Vumilia.

Lakini kama makabaila walio chini yako ni wa dini yako ya zamani, hesabu inageuka. Siku ile ile unakuwa kafiri machoni pao, na wenye majeshi wataungana dhidi yako. Wapime kwanza mmoja mmoja. Mwenye siri uliyoishika, mdai abadilike kwa hiyo siri. (Na sevu kabla ya kubofya, umeme wa huku mnaujua.)

Usitafute Kilwa kwenye ramani, haimo. Ipo kwenye Europa Universalis IV, gemu jingine linaloanza 1444, na pale dini inabadilishwa na wamisionari, nguvu yao inapimwa kwa asilimia: ikisoma chini ya sifuri, mpe mmisionari hela miaka mia, hamalizi. Mimi huwa nacheka kidogo. Tarikh ya Kilwa, masimulizi ya kale ya mji huo, inasimulia kwamba Ali bin al-Hassan, mwanzilishi wa utawala wake, alikipata kisiwa kwa vitambaa, siyo kwa mhubiri. Hakuna kitufe cha vitambaa.

Jambo la mwisho, ndilo lililonimaliza: angalieni mlezi wa mtoto. Mlezi wa dini nyingine anaweza kumlea mtoto katika dini yake. Mimi nilimpeleka mrithi wangu kwa mlezi mwenye akili nyingi, nikasahau kutazama dini. Haesteinn alipokufa, nikajikuta namchezea kijana asiye wa dini yangu wala ya makabaila, na mfuko wa uchaji mtupu.