Mleta uzi, usishushe farasi Mikindani kabla hujampata mtu

Simama hapo hapo. Umeandika unataka kuleta farasi watatu Mikindani, hapo Mtwara, watalii wapande jioni za masika kando ya bahari. Ukauliza kliniki ya farasi huwa na watu gani, wanalipwaje, farasi wanakula nini na vibali vinaombwa wapi. Sawa. Ila katikati umetupia sentensi moja kama vile haina uzito: "daktari ninaye tayari, yupo kwenye duka la dawa za mifugo, nahitaji tu kijana wa kushika kamba." Hiyo ndiyo imenifanya niandike usiku huu.

Huyo si daktari. Simfahamu yeye wala duka lake, lakini wa kwangu nilimfahamu vizuri, na nilimlipa punda mzima.

Nilikuwa na punda wawili pale Mtama, mkoa wa Lindi, jike na dume. Niliwanunua kwa wafugaji waliohamia Kilwa baada ya lile zoezi la kuondoa mifugo Usangu mwaka 2006. Walikuwa wa mkokoteni: kiangazi maji, msimu wa korosho magunia kwenda ghala la chama cha msingi. Najua mtasema tunaongelea farasi, huyu mzee kaleta punda. Ndugu zangu, hao ni ukoo mmoja, na kwa dawa ninayotaka kuitaja hapa wote wawili wako kwenye onyo moja.

Kupe walijaa, masikioni na chini ya mkia. Nikaenda duka moja Lindi mjini. Jamaa koti jeupe, kalamu mfukoni, kipimo cha kusikilizia moyo kinaning'inia shingoni, na sijawahi kumwona akikiweka kwenye kitu chenye pumzi. Kila anayeingia anamwita dokta, nami nikamwita dokta. Nikamweleza ni punda. Akacheka, akasema, "Mzee, punda ni ng'ombe tu asiye na pembe." Akanipa chupa ya dawa ya kuogeshea yenye amitrazi, akanionyesha vifuniko vingapi kwa ndoo. Lebo hakuisoma. Mimi pia sikuisoma. Maandishi yenyewe madogo kama mayai ya chawa, tena ya Kiingereza, na nani anasoma lebo mbele ya mtu wa koti jeupe?

Sasa hapa nisikilize taratibu. Amitrazi kwa ng'ombe ni dawa nzuri tu, kupe wanapukutika. Kwa farasi na ukoo wake inapunguza mwendo wa utumbo mpaka unakaribia kusimama. Chakula kinarundikana kwenye utumbo mpana, kinakauka, kinaziba. Na mnyama huyu hana pa kupumulia. Hacheui; nyasi zake huchachuka huko huko nyuma, mahali panapoziba. Kutapika hawezi, maana mlango wa juu wa tumbo lake umekaza kiasi kwamba tumbo linaweza kupasuka kabla ya kitu kurudi mdomoni. Kwa hiyo ukishamziba huku chini umemfunga kote.

Jike nilimwogesha vizuri kabisa, kwa mapenzi, na brashi. Dume alinipiga teke la paja, ndoo ikamwagika, nikamtukana nikamwacha na kupe wake. Yeye ndiye yuko hai mpaka leo. (Wenye watoto wakaidi msiutumie mfano huu nyumbani.)

Kesho yake jike kasimama chini ya mkorosho, kichwa chini, masikio yamelegea. Pumba hagusi. Nikasema amechoka, jana alibeba sana. Huo ulikuwa upuuzi wa pili. Farasi akiumwa tumbo utamjua: anachimba ardhi, anageuka kuutazama ubavu wake, anajigaragaza. Punda anasimama kimya tu, nawe unamsifu kwa utulivu. Kumbe ukiangalia pale alipolala hakuna kinyesi hata punje. Mnyama wa aina hii asipotoa kinyesi tangu jana, hiyo ni dharura, usisubiri jua lizame.

Nikampigia "dokta". Alikuja na pikipiki, miwani ya jua usoni. Joto hakupima. Tumbo hakusikiliza. Hakuuliza amekula nini wala amepakwa nini, na aliyenipa cha kumpaka ni yeye! Akatamka "minyoo" kabla hajashuka vizuri kwenye pikipiki. Akachanganya dawa ya minyoo na maji ya chumvi kwenye chupa ya soda, akamwinua kichwa, akammiminia mdomoni kama anavyomnywesha ndama. Nusu ikaenda kwenye mapafu. Nilimsikia jike akikohoa usiku kucha. Na nauli alidai, na nauli nikampa, tena nikasema asante dokta. Mke wangu hanisemi kwa punda, ananisema kwa ile asante.

Siku iliyofuata jirani yangu mfugaji, Msukuma wa watu, akanipa namba ya daktari mwanamke kule Mtwara. Huyu ni wa kweli, amesajiliwa. Kwenye simu tu aliniuliza kinyesi mara ya mwisho lini, nikaona hapa nimefika kwa mtu. Alikuja na kijana wake, na wewe mleta uzi, uliyeuliza kliniki ya farasi ina watu gani, angalia hao wawili walifanya nini chini ya mkorosho.

Kijana, ambaye wewe ungemwita "wa kushika kamba", ana stashahada ya mifugo. Alimwendea punda kwa ubavu, akiongea naye polepole, akasimama karibu na bega ambako teke halifiki. Mkono mmoja kwenye hatamu, mwingine ameishika ngozi ya shingo. Muda wote macho yake yako masikioni mwa mnyama, na mara moja alisema "dada, subiri," daktari akarudi nyuma, na kweli punda akatupa miguu. Msidhani ni kazi ya mchezo. Uingereza mwaka 2014 chama chao cha madaktari wa farasi kilifanyisha utafiti, ikaonekana daktari wa farasi atarajie kuumia kazini mara saba au nane katika miaka 30. Hao ni wenye mazizi ya kisasa. Huyo kijana ndiye bima ya daktari.

Daktari naye akaweka kipimo nyuma ya kiwiko cha kushoto, akatazama saa. Farasi mzima akiwa ametulia moyo wake hupiga kati ya 28 na 44 kwa dakika, punda anazidi kidogo. Wa kwangu ulikuwa unakimbia hasa. Kisha akasikiliza tumbo sehemu nne, juu na chini, kulia na kushoto. Tumbo la mnyama huyu likiwa zima linanguruma muda wote. Akanipa na mimi nisikilize. Kimya. Ndipo akauliza, "Mzee wangu, amepakwa dawa gani?" Nikaileta chupa. Akaisoma, akanigeuzia, kidole chake juu ya mstari mmoja mdogo unaosema isitumike kwa farasi. Hakuongeza neno. Afadhali angenitukana.

Walipambana. Dawa haikupitia mdomoni. Alipitisha mpira mrefu puani, taratibu, akisubiri punda ameze, akanusa na kusikiliza ncha ya nje kuhakikisha haujaingia kwenye mapafu, ndipo akatia maji na mafuta laini ya kulainisha. Dripu wakaitundika kwenye tawi. Sindano ya maumivu wakapiga kwenye mshipa wa shingo, kijana akikishikilia kichwa kisisogee, maana karibu na huo mshipa kuna ateri inayopanda kwenye ubongo na ukiichoma hiyo mnyama anaanguka hapo hapo. Lakini mapafu yalikuwa yameshachafuka kwa ile chupa ya soda. Alfajiri akafa. Msimu wa korosho ukafunguliwa nina punda mmoja mwenye hasira na mkokoteni wa wawili.

Nilirudi pale dukani. Jamaa akaniambia, mbele ya wateja, eti punda wangu alikuwa "na presha". Presha! Nimekaa na hasira hiyo mpaka leo, na nikiona mtu anaandika "daktari wangu wa dukani" inapanda upya.

Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 imepanga watu hawa vizuri tu. Daktari ni mwenye shahada, ile ya miaka mitano kama wanayosoma pale Sokoine Morogoro, na amesajiliwa na Baraza la Veterinari. Mwenye stashahada anaandikishwa, mwenye astashahada anaorodheshwa, na wote hao ni wataalamu wasaidizi. Wana kazi zao na wengi wanazijua kuliko kelele za mitandaoni. Koti jeupe halimo kwenye orodha yoyote. Kwa hiyo omba namba ya usajili, usione haya. Aliye nayo haoni kuwa umemvunjia heshima.

Ila namba peke yake haitoshi, kwa sababu daktari anaweza kuwa mzuri sana kwa ng'ombe na kuku na hajawahi kugusa farasi tangu amalize chuo. Huku kwetu farasi atawaona wapi? Kanuni yangu ni swali moja, muulize kabla ya kumwonyesha mnyama: "Dawa gani ya ng'ombe au ya kuku hutakubali kumpa farasi?" Akikwambia zote sawa ila unapunguza dozi, mshukuru uondoke. Anayejua atakutajia amitrazi bila kufikiri. Atakutajia monensini, inayowekwa kwenye baadhi ya vyakula vya kuku na ng'ombe, ambayo kiasi kidogo tu huua moyo wa farasi. Atakuambia dawa za ndorobo, ule ugonjwa wa mbung'o, anazompiga ng'ombe bila wasiwasi, kwa farasi anakwenda nazo kwa hofu. Na ndorobo huku si hadithi, waulize watu wa Liwale. Damu ikihitaji kupimwa, maabara ya TVLA, yaani Wakala wa Maabara ya Veterinari, ipo hapo hapo Mtwara, ajue njia ya kwenda.

Na kama kweli anajua farasi, atakuuliza yeye kabla yako kuhusu ule ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na wadudu wadogo warukao wanaouma kuanzia magharibi mpaka alfajiri. Punda wengi wanaupata bila hata kuonyesha dalili. Farasi wakiugua, wengi wanakufa. Wewe unataka kuwatembeza jioni, pwani, masika! Hapo mazungumzo ya chanjo na saa za kuwaingiza bandani yanatakiwa yaanze kabla ya lori kuwashwa.

Wengine kwenye kliniki kubwa, kwa haraka: yupo fundi wa kwato, zinakatwa kila wiki sita hadi nane, yupo wa dawa ya usingizi, maana farasi akilazwa kwa upasuaji hatari ni kubwa kuliko kwa mbwa, hasa anapoinuka, na wapo watunza farasi wanaokesha. Huhitaji wote. Unahitaji daktari mmoja aliyelijibu lile swali na amekubali kwa mdomo wake kuja Mikindani usiku, na kijana mmoja aliyesoma.

Kama umeshatuma malipo ya awali, waombe wenye farasi wawashikilie huko huko mpaka umpate huyo mtu. Nyasi za mwezi wa ziada utalipa bila kulia. Na ile chupa bado ninayo, anayetaka nipige picha ule mstari wa lebo aseme, naiweka hapa kesho nikipata simu yenye kamera ya maana.