Kabla Hujamgawa Paka Wako, Angalia Beseni Lake

Juzi dada mmoja ameniandikia kwamba anataka kumgawa paka wake, maana amelisusa beseni la mchanga na sasa anakojoa kwenye kochi. Dada yangu, subiri kwanza. Mimi nusura nimgawe Chausiku kwa kosa lililokuwa langu.

Naishi ghorofa ya nne, Upanga, Dar es Salaam, hakuna ua wala kichaka. Nilimwekea beseni la mchanga wa kujengea, nikawa naumwaga Jumamosi kwa Jumamosi. Ikifika Jumatano nyumba nzima inanuka amonia, nami nafukiza udi asubuhi na jioni. Wifi yangu alikuja siku moja, akasimama mlangoni, akaziba pua kwa mtandio, akasema chai atakunywa siku nyingine. Huu mwaka wa tatu hajarudi. Nikikumbuka, bado uso unaniwaka.

Usiku ule kwa hasira nikamimina jiki juu ya mkojo. Msithubutu! Jiki ikikutana na amonia hutoa hewa ya sumu. Nilikohoa hadi machozi, nikafungua madirisha yote. Chausiku naye akaliogopa beseni, akahamia kwenye zulia.

Kilichonitoa hapo ni upawa wa matundu, ule wa kuopolea maandazi. Nimeufunga uzi mwekundu usije ukarudi jikoni. Naopoa kinyesi asubuhi kabla ya chai, na usiku kabla ya kulala. Mchanga wetu haugandi, mkojo unazama hadi chini, kwa hiyo kila baada ya siku mbili naumwaga wote, nasugua beseni kwa maji moto na sabuni ya kawaida, naanika juani hadi likauke kabisa. Nina mabeseni mawili, moja likianikwa jingine linatumika. Mchanga mpya nauchekecha, naujaza kina cha vidole vinne.

Mwenye mimba amwachie mtu mwingine kazi hii, kwa sababu ya toksoplasma, vijidudu vya kwenye kinyesi cha paka vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni. Vijidudu hivyo haviambukizi papo hapo kinyesi kikitoka. Huchukua siku 1 hadi 5. Ndiyo maana nasisitiza kila siku, kila siku!

Sisi Waislamu tumefundishwa tangu chuoni, madrasa, hadithi ya Mtume kuhusu mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula hadi akafa. Paka kwa maumbile yake hufukia uchafu wake. Ukimpandisha ghorofani umemnyima ardhi ya kufukia, basi kumsafishia ni haki yake kwako, na usimwachie msichana wa kazi ukadhani umetimiza.

Nawe dada, anza leo, beseni liwe mbali na chakula chake. Ila kama paka wako ni dume, anachuchumaa kila mara na mkojo hautoki, hilo si suala la mchanga. Mpeleke kwa daktari wa mifugo leo leo, usingoje kesho.