Swali la lugha: Faida ya biashara au ziada ya biashara?

SWALI: Nimesoma ripoti ya uchumi inayosema nchi "imepata faida ya biashara" kwa kuwa iliuza nje bidhaa nyingi kuliko ilizoagiza. Ripoti nyingine, kuhusu jambo lilo hilo, inasema "urari chanya". Lipi sahihi? Na urari si maana yake ni usawa?

JIBU: Andika ziada ya biashara. Faida ni kile kinachombakia muuzaji baada ya kutoa gharama zake. Ziada hapa ni tofauti tu kati ya thamani ya mauzo ya nje na thamani ya vilivyoagizwa. Wauzaji wanaweza kupata hasara wote na ziada ikawapo. Tena huweza kuletwa na dhiki: watu wakiishiwa fedha huacha kuagiza, na ziada ikajitokeza bila mauzo ya nje kuongezeka hata kidogo. Vivyo hivyo, kinyume chake kiite nakisi, si hasara. Marekani ina nakisi kila mwaka tangu 1976. Wanasiasa hupenda kuiita hasara, lakini mhasibu makini hathubutu.

Kuhusu urari, shaka yako ina msingi. Washairi husema urari wa vina na mizani, na ubeti uliopungukiwa mizani hauna urari. Kwa sikio la mshairi, "urari chanya" ni kama kusema usawa ulioinama upande mmoja. Wanauchumi, hata hivyo, wamelipa neno kazi nyingine: kwao urari wa biashara ni matokeo ya kulinganisha pande mbili, zilingane zisilingane. Basi si kosa, ila mimi ningeliacha vitabuni mwao.

Linalonikera zaidi hukuliuliza, nalo ni hilo "nyingi". Hapa hauhesabiwi wingi wala uzito. Nchi inaweza kupakia meli kwa meli za mawe ya madini, ikaagiza makasha machache ya mashine, na bado ikawa na nakisi. Sema "zenye thamani kubwa kuliko". Wala usiseme "kusafirisha nje" ukikusudia kuuza nje: mtalii akilipia chumba cha hoteli, nchi imeuza huduma nje, na hakuna kilichosafirishwa isipokuwa mtalii mwenyewe.